Kepu ya hedi ikichoka kwenye mashine ya mabango: jinsi ya kuibadilisha mwenyewe kabla hujauziwa hedi mpya

Wakuu mnaoendesha mashine za mabango na stika hapa Arusha na kule Moshi, hasa hizi za Kichina za mita 1.6 na 1.8 zenye hedi (kichwa kinachorusha wino) ya XP600 au DX5 ambazo zishakula miaka yake, ukiambiwa "hedi imekufa, tafuta hela ya hedi" usikubali haraka, angalia kepu kwanza. Kepu ni kile kidude chenye mdomo wa mpira kinachofunika hedi mashine ikipaki. Bei yake haifiki hata robo ya hedi, kuibadilisha ni kazi ya asubuhi moja ukiwa na bisibisi na mikono mitulivu, na ikichoka inafanya hedi nzima ionekane mbovu wakati haina tatizo lolote. Mbaya zaidi ukiiacha hivo hivo imechoka, hedi kweli inakufa, mana wino wa eko-solventi (ule wa kemikali nyepesi, si wa maji) ukipigwa na hewa usiku kucha unagandia kwenye nozeli, vile vitundu vya hedi vinavyotoa wino.

Tuelewane kwanza kepu inafanya nini. Inaziba hedi isikauke ikipaki. Inaishika hedi wakati wa kliningi (mashine inapojisafisha hedi) ili pampu iliyo chini ivute wino kupitia nozeli, hapo lazima kusiwe na upenyo wa hewa hata kidogo, la sivyo pampu inavuta hewa ya pembeni na wino haushuki. Halafu inapokea yale matone ambayo hedi inayatema ikiwa imesimama. Hedi ya XP600 ina safu 6 zenye nozeli 180 kila moja, jumla 1080, DX5 ina safu 8, jumla 1440, na zote hizo zinafunikwa na mdomo mmoja tu wa mpira. Ndo mana mpira ukipasuka kona moja utaona rangi zote zinaruka ruka, si rangi moja.

Jinsi ya kujua ni kepu na si kitu kingine

Hapa ndo watu wanaliwa hela, kwa hiyo usipite haraka. Toa nozeli cheki (karatasi ya mistari ya kupima nozeli zipi zinatoa wino), fanya kliningi, toa nyingine, rudia mara moja zaidi, afu ziweke zote tatu mezani. Kama mistari inayokosekana iko palepale kwenye karatasi zote tatu, hiyo ni nozeli imeziba au imekufa, kepu haihusiki sana. Kama inahama, leo cyan imekatika juu, baada ya kliningi cyan imerudi lakini magenta imetoboka katikati na njano imeongezeka mapengo, hapo kepu au pampu ndo wa kwanza kushukiwa. Kama rangi moja inaanza vizuri halafu inafifia ukiwa unapiga eneo kubwa la rangi iliyojaa, hiyo mara nyingi ni dampa (kile kifuko kidogo cha wino juu ya hedi) au bomba la wino linaingiza hewa. Na kama safu nzima imepotea ghafla kama imezimwa na swichi, angalia fleti kebo (waya bapa unaoingia kwenye hedi) na bodi kabla hujashika bisibisi ya kepu.

Dalili nyingine ya kepu ni kwamba jioni unaiacha mashine safi kabisa, asubuhi nusu ya nozeli hazipo. Ila kwa Arusha ongeza akili kidogo. Mwezi wa saba asubuhi chumba kina baridi na wino unakuwa mzito, na wino mzito unakatika wenyewe hata kepu ikiwa mpya. Mashine hizi zinapenda chumba cha nyuzi 20 hadi 28 hivi, sasa kama uko fremu ya Sakina ambayo haipati jua mpaka saa nne, washa hita ya mashine, subiri chumba kipate joto, ndo upime. Watu wa Moshi hili haliwasumbui sana, nyie shida yenu ni joto la mwezi wa pili linalokausha wino mdomoni mwa kepu.

Sasa kipimo chenyewe ambacho mimi nakiamini kuliko vyote. Sogeza keriji (kile kinachobeba hedi kwenye reli) pembeni, chukua sirinji ya duka la dawa bila sindano, jaza solusheni (dawa ya kusafishia) kwenye kepu mpaka karibu na ukingo, kaa kama dakika tano unaangalia. Solusheni ikishuka yenyewe wakati pampu imesimama, basi bomba la chini halijashika vizuri, au kitako cha kepu kimepasuka, au pampu haibani bomba lake tena. Ikibaki palepale, washa pampu kwa kliningi ya kawaida ama kitufe cha pampu kama mashine yako inacho. Kepu inatakiwa kukauka ndani ya sekunde chache. Isipokauka, njia ya chini imeziba au pampu imechoka, na kubadilisha kepu peke yake hakutakusaidia. Ikikauka fasta, lakini ukifanya kliningi hedi ikiwa juu yake hakuna wino wa maana unaoshuka kwenye chupa ya wino mchafu, basi mdomo wa mpira hauzibi. Hapo una jibu.

Malizia kwa kuuangalia mdomo na tochi ya simu. Mpira uliochoka unakuwa mgumu, una mikunjo, umevimba au umepinda upande mmoja. Kuvimba mara nyingi kunatokana na mtu aliyesafishia dawa kali, zile za mashine za solventi kamili au thina ya rangi ya gari, zinakula mpira wa kepu na zinakula gundi ya hedi pia. Thina iache kwa wapiga rangi, mashine ya eko-solventi inasafishwa na solusheni ya eko-solventi.

Kununua

Ukienda dukani usiseme tu "nipe kepu ya mashine ya mabango" mana utapewa iliyopo. Kepu ya XP600 haiingii kwenye DX5, ya i3200 nayo ni nyingine, na kuna za wino wa maji na za eko-solventi ambazo kwa macho zinafanana ila mpira wake haufanani, ile ya maji ukiitia eko-solventi inavimba. Piga picha ya zamani ikiwa pembeni ya rula, juu na chini, uonyeshe idadi ya matundu ya bomba kule chini. Vifaa vingi vinatoka Dar, Kariakoo, vinapanda basi vinafika siku hiyo hiyo au kesho yake, kwa hiyo picha ikiwa mbaya utapoteza nauli ya mzigo mara mbili.

Ikifika usiridhike na boksi. Pitisha kidole taratibu juu ya mdomo, usisikie kijipele wala mabaki ya plastiki ya kiwandani. Sponji ya ndani ilale chini ya ukingo wa mpira, ikitokeza juu itakuwa inagusa nozeli na kuzinyonya wino. Mimi ninashauri uchukue mbili, na waipa mpya (kile kiraba kinachofuta hedi), na kipande cha bomba la kepu, mana bomba la zamani likiwa gumu halitakaza kwenye kepu mpya hata ufanyeje.

Vingine vya kuandaa ni bisibisi ya nyota ndogo, playa ya mdomo mwembamba, glovu, vijiti vya sponji vya kusafishia hedi, solusheni, sirinji, kioo kidogo na gazeti au kipande cha fleksi cha kutandika chini. Pamba za masikio achana nazo, zinaacha nyuzi, na unyuzi mmoja kwenye nozeli ni shida mpya umejitafutia.

Kuhusu muda, usiifanye hii kazi wiki ya Kili Marathon au wiki ya Nane Nane pale Themi wakati wateja wamepanga foleni mlangoni. Ifanye siku kazi ni chache, asubuhi, ili mchana na jioni uwe na muda wa kuangalia kama nozeli zinakaa.

Kuitoa ya zamani

Toa nozeli cheki ya mwisho, iandike tarehe, itunze, ndo utalinganisha nayo. Kisha sogeza keriji itoke juu ya stesheni (pale kepu ilipo na hedi inapopaki) kwa kutumia menyu ya mashine. Nasema menyu kwa sababu stesheni nyingine zinapandishwa na mota, na ukiivuta keriji kwa nguvu kepu ikiwa imepanda utakwaruza uso wa hedi. Ikishatoka, zima mashine, chomoa kabisa waya ukutani, si kuzima swichi tu, subiri dakika chache bodi imalize chaji.

Hapo hedi iko wazi na saa inakimbia. Usiiache wazi muda mrefu. Chukua nailoni ya kufungia chakula, ikunje iwe kama kitanda kidogo, weka matone ya solusheni, iingize chini ya hedi iiguse kwa upole. Ila solusheni iwe kidogo tu, isipande pembeni ya hedi kuelekea kwenye fleti kebo. Hili nalirudia kwa sababu ndo linaloua mashine nyingi kuliko kepu yenyewe: tone likipanda kwenye kebo mashine ikiwashwa linapiga shoti, hedi inakwenda na bodi inaweza kuifuata. Ukishuku kebo imelowa, ichomoe mashine ikiwa imezimwa, ifute, iache ikauke kabisa, na hata mteja akikupigia simu mara kumi usiwashe.

Sasa piga picha stesheni kutoka pande zote, bomba lipi linaingia wapi, springi zimekaaje. Kwenye mashine nyingi kepu imekaa juu ya kitako cha plastiki chenye springi chini na vijino vya pembeni vya kuishikilia. Zipo ambazo inabidi ufungue skrubu za stesheni kwanza ndo ufikie chini, na ukifungua hizo chora alama kwa kalamu ya wino mzito mahali skrubu ilipokaa, itakuokoa sana kwenye kupanga. Bana vijino taratibu, huku kidole kingine kimeizuia kepu juu isiruke, mana springi zikifyatuka zinaenda chini ya mashine na utazitafuta mpaka adhuhuri.

Ikiinuka, shika ule mrija wa kepu wenyewe, zungusha bomba kushoto kulia mpaka lilegee, usilivute moja kwa moja. Utamwagika wino kidogo, ndo mana tumetandika. Kata ncha ya bomba kama sentimita moja ile iliyotanuka, au weka bomba jipya kabisa. Safisha kitako mpaka springi zicheze bila kukwama, wino uliogandia humo unafanya kepu ipande upande mmoja tu.

Kabla hujaweka mpya, safisha fremu ya hedi

Hatua hii wengi wanairuka, halafu wanalalamika kepu mpya ni feki. Chini ya hedi, kuzunguka ile sahani ya nozeli, kuna fremu ya chuma ambayo ndo mdomo wa kepu unaikalia. Baada ya miaka fremu inajenga gome la wino mkavu, na mpira mpya ukikalia gome hauzibi, unakaa kwenye vilima. Lowesha kijiti cha sponji kwa solusheni, futa fremu pande zote nne, badilisha kijiti kila kikichafuka, usisugue katikati penye nozeli. Gome likigoma liloweshe, subiri, rudi tena. Usilikwangue na kisu wala kucha. Tumia kioo na tochi ujiridhishe kwamba chuma kinaonekana kuzunguka kote.

Kufunga mpya

Lowesha kepu mpya na solusheni kidogo, sponji inywe. Sukuma bomba mpaka mwisho wa mrija, livute kidogo uone limeshika, na hakikisha kepu ikishuka na kupanda bomba halijikunji. Weka springi, shusha kepu mpaka vijino vilie. Halafu bonyeza kona moja moja kwa kidole: zote nne zishuke sawa na zirudi sawa. Kona ikizembea, toa uangalie springi, usijidanganye kwamba itakaa yenyewe.

Na kwa kuwa uko hapo hapo, badilisha na waipa. Waipa chakavu inapaka uchafu kwenye hedi iliyotoka kusafishwa na kepu mpya. Ncha yake iguse hedi na kupinda kidogo ikipita, kama milimita moja inatosha. Ikiwa juu sana inarusha wino pembeni ikishamaliza kufuta.

Kupanga, kazi yenyewe iko hapa

Kufungua na kufunga kila mtu anaweza. Kinachomtenganisha fundi na mbahatishaji ni kuhakikisha kepu inaikuta hedi mahali pake, kushoto kulia, mbele nyuma, na kwa urefu. Mashine ikiwa bado imezimwa, toa ile nailoni, sukuma keriji kwa mkono polepole sana kuelekea stesheni ukiwa umeinama unaangalia. Ikigonga ukingo wa kepu, kepu iko juu mno, simama hapo hapo urekebishe urefu.

Kujua kama inakaa katikati, paka wino kidogo sana kwenye mdomo wa mpira kwa kijiti, washa mashine iende kupaki, afu itoe tena kwa menyu uangalie chini ya hedi kwa kioo. Utaona muhuri wa mstatili kwenye fremu. Ukiwa mzima pande zote na umeiweka sahani ya nozeli katikati, uko vizuri. Ukikatika upande mmoja, upande huo hauzibi. Ukipita juu ya nozeli zenyewe, kepu imesogea. Kushoto kulia mashine nyingi zinarekebishwa kwenye menyu ya sehemu ya kupaki, au kwa kusogeza kibati cha sensa ya mwanzo, mbele nyuma ni skrubu za stesheni, na urefu nao ni skrubu. Sogeza kidogo kidogo, futa muhuri, piga tena. Ukiwa umepaki springi zinatakiwa ziwe zimebanwa kiasi, kama hazijabanwa kabisa hedi imewekewa kepu tu juu juu haijazibwa. Hii hatua inachosha, na ndo unayolipwa ukifanya kwa mtu mwingine, usione aibu kuichaji.

Kujaribu

Rudia kipimo cha sirinji. Kepu ishike solusheni pampu ikiwa imesimama, ikauke fasta pampu ikizunguka. Ukiona mapovu yanapanda kwenye kepu badala ya maji kushuka na ulikuwa umegusa pampu, basi mota inazunguka kinyume, zima na ugeuze waya zake mbili. Kisha kliningi moja ya kawaida na nozeli cheki. Usitegemee karatasi ya kwanza iwe kamilifu, kuna hewa iliyoingia. Fanya kliningi ya pili, ikibidi ya tatu, halafu acha, ipumzike saa moja hivi. Kuna watu wanapiga kliningi kama wanapampu tairi la baiskeli, wanamaliza wino wa maana na kuingiza hewa kwenye dampa, shida inakuwa mbili.

Ikitulia piga mistari minene ya kila rangi, asilimia mia, kama nusu mita kila moja, uone kama kuna rangi inayochoka njiani. Halafu paki, nenda kale chakula, rudi utoe nozeli cheki bila kliningi. Jaribio la kweli ni la kesho asubuhi: kama nozeli za jana jioni bado zipo, umemaliza. Kama zinatoweka usiku, rudi kwenye muhuri, kuna upande hauzibi. Kama muhuri ni mzima na bado zinatoweka rangi moja moja, sasa ingia kwenye dampa na viungo vya bomba za hiyo rangi. Ukifika huko kote na mapengo yako palepale kwenye kila karatasi, hapo ndo nitakubali tuongelee hedi.

Ili hii mpya isichoke mapema

Kila jioni, kabla ya kufunga, futa mdomo wa kepu na kijiti chenye solusheni, futa waipa, weka matone machache ndani ya kepu, paki. Matone, si kuijaza, ikijaa ikagusa nozeli inaweza kuvuta wino ushuke usiku na rangi zichanganyikane. Vumbi nalo, hasa kwa wenye fremu kando ya barabara za vumbi huko Ngarenaro na Unga Limited: deki kwa maji, usifagie mashine ikiwa wazi, funga dirisha.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, hedi inabaki wazi katikati ya reli, na wengi wanatoka nje kupiga stori wakisubiri urudi. Kama stesheni yako haitumii mota kupanda, sukuma keriji kwa mkono polepole mpaka ipaki. Kama inatumia mota, weka ile nailoni yenye solusheni chini ya hedi. Na kama hela inaruhusu, UPS ya kuipa mashine dakika chache za kurudi kupaki ni matumizi mazuri kuliko taa za rangi za mlangoni.

Mwisho ni Desemba, wachaga wenzangu mnanielewa. Mnafunga ofisi kuelekea Krismasi, mnapanda Rombo, Marangu, Machame, mnarudi mwaka mpya umeshaanza, na mashine imekaa siku zote hizo haijaguswa. Kepu nzima inaweza kuvumilia siku chache tu. Muachie kijana anayebaki mjini funguo, kila baada ya siku moja au mbili awashe, atoe nozeli cheki na kipande kidogo cha rangi zote, aongeze matone kwenye kepu, azime. Kama hamna wa kubaki, mwite fundi atoe wino kwenye hedi na kuijaza solusheni kabla hujaondoka, na ukirudi Januari anza na kipimo cha sirinji kabla hujaomba kliningi yoyote.